Manyoya Arobaini ya Kapteni Tumbusi

Niseme nisiseme?

— Sema!

Nikisema uongo?

— Tutacheka!

Nikisema kweli?

— Tutacheka vilevile!

Basi sogeeni. Aliyekaa mbali atasikia nusu, nusu nyingine atajitungia mwenyewe, halafu aseme mimi ndiye niliyekosea.

Hapo kale, kabla viwanja vya ndege havijawekwa vioo na vigae, palikuwa na ndege wawili waliobeba abiria. Mmoja ni Korongo. Huyu hakuwa na maneno mengi. Unapanda mgongoni, anatoka huku, anafika kule, unashuka, kwaheri. Wa pili ni Tumbusi. Na Tumbusi wa siku hizo si huyu mnayemwona leo jalalani. Alikuwa na kishungi kichwani, na shingoni alikuwa na manyoya mengi, mororo, ya rangi ya asali, akitembea yanatikisika. Alijiita Kapteni. Ukimwita Tumbusi tupu, hageuki.

Kapteni Tumbusi alikuwa na tenga kubwa. Abiria wanaingia ndani ya tenga, yeye analikamata mpini kwa makucha, puru-puru-puru, huyoo angani! Nauli yake ilikuwa nyama, au chumvi ya kulia nyama, na ililipwa mwisho wa safari. Zaidi ya hiyo, kila kiwanja alichotua ilibidi akute fungu la nyama linamngoja.

Sasa sikilizeni hila yake. Akiruka moja kwa moja, anakula mara moja. Akitua mara nne, anakula mara nne. Kwa hiyo abiria wa kwenda hapo tu nyuma ya kilima atapitishwa Magadini, kisha Kichuguuni, kisha Mwanyani, na kila kiwanja watakaa kungoja tenga lijae. Siku mbili, siku tatu. Abiria wakaanza kununa. Wengine wakarudi kwa Korongo. Ndipo Tumbusi alipobuni heshima.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kila nikitua na abiria, abiria huyo atachomoa unyoya mmoja wa kichwa changu mwenyewe. Akifikisha kumi, ni Mheshimiwa. Mheshimiwa anakaa mbele. Mheshimiwa hangoji tenga lijae. Mheshimiwa akisema nipeleke moja kwa moja, nampeleka moja kwa moja!"

Lo! Wanyama walivyofurahi. Mtu aliyekuwa akilia anacheleweshwa sasa anauliza kama hakuna kiwanja kingine cha kupitia. Na mtu akifikisha manyoya kumi, Tumbusi anakohoa kidogo na kusema, "Siku hizi ni ishirini." Akifikisha ishirini: "Siku hizi ni thelathini." Tena mvua ya kwanza ya mwaka ikidondoka, manyoya yote ya zamani si kitu, hesabu inaanza upya. Mpaka mwaka wa ngano yetu idadi ilikuwa imefika arobaini, na Mheshimiwa hajapatikana hata mmoja.

Mnacheka? Chekeni. Wewe hapo nyuma, hebu toa pochi tuone una kadi ngapi.

Miongoni mwa abiria alikuwapo Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa pimbi, mjane, mchuuzi wa chumvi, mfupi, mnene, mwenye meno mawili ya mbele yasiyotaka kukaa ndani ya mdomo. Kwao ni Majabalini, lakini mwaka mzima alikuwa njiani na vifuko vyake vya chumvi. Na manyoya aliyapenda huyu mama! Aliyafunga kwenye kitambaa chekundu, akakifunga kitambaa kiunoni, na akikaa na wenzake hakosi kukifungua ili kuona kama hayajakunjika.

Mwaka huo binti yake, Zawena, alikuwa na mimba ya kwanza. Akamtuma Njiwa mpaka Chumvini, mama yake alikokuwa. "Mama, njoo. Siku zangu zimekaribia, na mimi naogopa."

Siku hiyohiyo Korongo alikuwa anaondoka kwenda Majabalini. Alikuwa na nafasi. Kesho yake angekuwa amefika.

Bi Mashavu akafungua kitambaa, akahesabu. Thelathini. Akajisemea: kwa Korongo nitafika kesho, sina unyoya hata mmoja wa nyongeza. Kwa Tumbusi nitatua Magadini, Kichuguuni, Mwanyani na Majabalini. Manyoya manne hayo! Na mtoto wa kwanza huchelewa kuzaliwa, kila mtu anajua.

Ndivyo alivyojidanganya, na mtu mzima akijidanganya hujidanganya kwa hesabu kamili. Akamwambia Korongo, "Tangulia tu, baba." Akapanda tenga la Tumbusi.

Puru-puru-puru. Wakatua Magadini. Tii! Nyofo! Thelathini na moja.

Na hapo Magadini wakakaa. Siku ya kwanza, tenga halijajaa. Siku ya pili, tenga halijajaa. Siku ya tatu, ya nne, ya tano, kimya. Jua la Magadini ni kali, ardhi nyeupe, hakuna hata jiwe la kuegemea. Siku ya sita alasiri akatokea Njiwa, hoi, mabawa yamelegea.

"Bi Mashavu wee! Nimekutafuta nchi nzima! Zawena kajifungua, mtoto wa kike, wote wazima!"

"Alhamdulillahi! Kajifungua lini?"

"Leo siku ya tano."

Bi Mashavu akakaa chini pale pale kwenye magadi ya moto, wala hakusikia moto. Siku ya tano. Maana yake mwanawe alilia uchungu huku yeye amekaa hapa anangoja tenga.

Kwa pimbi mtoto mchanga hukaa pangoni siku sita. Siku ya saba, jua likifika utosini, anatolewa nje kuota jua kwa mara ya kwanza, na hapo hapo anapewa jina. Mtoto wa kwanza jina hulitoa mama wa mama yake. Asipokuwapo, hulitoa mama wa baba yake. Jina likishatamkwa juani halibadilishwi tena.

Na mama wa baba yake alikuwa Bi Tabu.

Bi Tabu hakuwa mtu mbaya. Alipika, alifua, alikesha na wagonjwa. Lakini majina yake! Wajukuu zake watatu wa kwanza, kwa watoto wake wengine, aliwaita Mashaka, Sikudhani na Masumbuko. Yule Masumbuko alizaliwa mcheshi kabisa, lakini kwa kuitwa hivyo kutwa kucha akaanza kuwa na sura ya mtu aliyeibiwa.

"Na huyu?" Bi Mashavu akauliza. "Kasema atamwitaje?"

Njiwa akatazama pembeni. "Keshasema. Majuto."

Bi Mashavu alikuwa na jina lake. Alikuwa nalo tangu siku Zawena alipomnong'oneza kuwa ana mimba. Alikuwa akilisema peke yake akipima chumvi, akilisema akiwa tengani, akilisema usingizini. Raha. Basi. Raha.

Akajikokota mpaka kwa Tumbusi, aliyekuwa ameshiba na kujinyoosha kivulini kwa tenga lake mwenyewe.

"Kapteni, nakuomba. Mjukuu wangu anatolewa nje kesho kutwa. Nipeleke moja kwa moja."

"Una manyoya mangapi, Bibi?"

"Thelathini na moja."

"Hongera. Bado tisa."

"Nitakulipa chumvi mara mbili."

"Heshima hainunuliwi, Bibi." Akafumba jicho moja. "Kesho tunaruka. Kichuguuni tutakaa siku mbili. Mwanyani siku mbili. Usijali, huyo mjukuu utamkuta yupo tu, hana pa kwenda."

Bi Mashavu akaenda pembeni akalia. Alilia kwa hasira na kwa aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Kwenda kwa miguu haiwezekani, miguu ya pimbi mnaijua. Korongo hatui Magadini, magadi yanamuunguza. Akalia mpaka akachoka. Alipochoka akafuta uso, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kumtazama Tumbusi.

Nzi mmoja akapita. Vuuu.

Tumbusi, aliyeshiba mpaka anacheua, aliyelala nusu usingizi, akainua kichwa. Akamfuata yule nzi kwa macho. Akasimama. Akamfuata kwa miguu, hatua tatu, nne, tano, mpaka nzi akatua juu ya kokwa kavu la tende. Tumbusi akalitazama lile kokwa, akalinusa, hng'f, hng'f, akarudi kulala.

Bi Mashavu akaacha kulia kabisa.

Asubuhi yake tenga likawa na abiria watatu. Bi Mashavu, Bwana Nungunungu aliyekuwa anahamia kwa shemeji yake na mzigo wa vyungu, na Mzee Kakakuona, ambaye aliingia, akajikunja mviringo, akalala. Puru-puru-puru, huyoo!

Wakaruka. Chini nyika, juu mawingu. Bi Mashavu akatoa kichwa nje ya tenga.

"Mh!" akasema.

"Nini?" Tumbusi akauliza.

"Sisemi kitu, Kapteni. Naona nzi tu."

"Nzi? Wapi?"

"Hapo chini, kwenye kile kijani. Wengi. Lakini tuendelee, tusikucheleweshe."

Tumbusi akatazama mbele. Akatazama chini. Akatazama mbele. Akajisemea, nzi wengi vile hawakai bure. Puru-puru-puru, akashuka. Tii! Kumbe ni mavi ya tembo.

"Umetua, Kapteni," akasema Bi Mashavu.

"Nimetua kwa bahati mbaya!"

"Na mimi nimo tengani."

"Umo."

"Inamisha kichwa."

Tumbusi akacheka kidogo. Moyoni akasema, achomoe tu, akifika arobaini nitamwambia hamsini. Akainama. Nyofo! Thelathini na mbili. Bwana Nungunungu, aliyekuwa na manyoya manne tu maisha yake yote, akaona na yeye asibaki nyuma. Nyofo! Wakamwamsha Mzee Kakakuona. Nyofo!

"Aii! Taratibu!"

Puru-puru-puru. Hawajaenda mbali.

"Mh!"

"Nini tena?"

"Sisemi kitu, Kapteni. Naona kunguru tu. Wamezunguka jambo."

Kunguru wamezunguka jambo! Nani angevumilia? Puru-puru-puru, tii! Kumbe kunguru walikuwa na kikao cha kusuluhisha mke na mume, na mume alikuwa katikati akijieleza. Walikasirika sana kuingiliwa.

"Umetua, Kapteni."

"Nimetua."

"Na mimi nimo."

"Umo, umo!"

"Inamisha."

Nyofo! Nyofo! Nyofo! Thelathini na tatu.

Mara ya tatu ilikuwa nyati. Bi Mashavu alisema kweli tupu, kwamba anaona nyati amelala ubavu na hajatikisika hata mkia. Tumbusi akashuka mate yakimtoka, akatua karibu na sikio, akaanza kuchagua pa kuanzia. Nyati akafumbua jicho.

"Unatafuta nini kwenye mbavu zangu?"

"Samahani, mzee. Nilikuwa naulizia njia."

Nyofo! Nyofo! Nyofo! Thelathini na nne.

Hapo Bwana Nungunungu akamgusa Bi Mashavu kwa kidole, kwa uangalifu, maana mwili wake mnaujua. Akanong'ona, "Mama, wewe unafanya makusudi."

"Nifanye makusudi nini? Mimi naona, nasema ninachoona. Anayeshuka ni yeye."

Nungunungu akatafakari. Kisha akatoa kichwa nje ya tenga na kupaza sauti, "Mh!"

Ikawa safari ya ajabu. Nungunungu akaona mifupa, Tumbusi akashuka: kuni. Mzee Kakakuona, bila kufumbua macho, akasema anasikia harufu, Tumbusi akashuka: miguu ya Mzee Kakakuona mwenyewe. Kila wakishuka tii, kila wakitua nyofo-nyofo-nyofo. Jioni walipofika Kichuguuni, Bi Mashavu alikuwa na thelathini na saba, na Kapteni alikuwa na kichwa kama mswaki wa zamani. Fungu lake la nyama Kichuguuni lilikuwa limekauka, naye akalila huku akijipapasa shingo.

Kulipokucha, Tumbusi alitaka kukaa siku mbili kama kawaida yake. Bi Mashavu akakohoa.

"Sisemi kitu, Kapteni. Nawaza tu habari za Mwanyani. Eti jana wamechinja."

Puru-puru-puru, hata dua hawakusoma! Njiani wakatua mara mbili. Ya kwanza nzi, ya pili nzi. Thelathini na tisa.

Basi pale kwenye thelathini na tisa Tumbusi akashtuka. Upepo ulimpiga kichwani akasikia baridi mahali ambapo hajawahi kusikia baridi. Akasimama hewani, mabawa wazi, akainamisha shingo akatazama ndani ya tenga.

"Wewe mama! Unanichezea!"

"Mimi?"

"Wewe! Kuanzia sasa sishuki. Hata nione tembo mzima amekufa, sishuki. Na ukisema 'mh' tena nitakumwaga!"

"Nikimwagika nitatua, Kapteni," akasema Bi Mashavu. "Na kutua ni unyoya. Sasa sijui utakuja kuniinamishia wapi. Na nauli ya chumvi nitakuwa nayo huko huko kiunoni."

Tumbusi akafikiri juu ya chumvi. Hakummwaga.

Lakini Bi Mashavu hakusema mh tena. Alitazama jua. Lilikuwa limeshapanda mkono mzima. Siku ya saba ndiyo hiyo. Saa hizi Zawena anamkanda mtoto. Saa hizi Bi Tabu anafunga kanga, anajiandaa. Unyoya mmoja tu, na yule juu kakaza shingo kama mlingoti, macho mbele.

Wakafika juu ya Mwanyani. Na kweli walikuwa wamechinja! Harufu ikapanda, mbichi, nono, yenye utamu wa ini. Chini alisimama Kunguru mkuu wa kiwanja, ameshika fungu la Kapteni kwa miguu yote miwili, akipiga kelele, "Karibu, Kapteni! Likiwa la moto! Karibu!"

Tumbusi hakushuka. Akazunguka. Akizunguka mara ya kwanza akasema, "Situi." Akizunguka mara ya pili akasema, "Situi," lakini chini kidogo. Mara ya tatu alimeza mate tu. Fisi mmoja akatokeza nyuma ya Kunguru akauliza kama lile fungu lina mwenyewe.

Tii!

Hakukunja hata bawa. Alikuwa kwenye nyama mpaka machoni. Bi Mashavu akangoja amalize, maana adabu ni adabu. Tumbusi alipojipangusa mdomo, Bi Mashavu akasema, "Umetua, Kapteni. Na mimi nimo."

Akainama. Nyofo!

"Arobaini," akasema Bi Mashavu. Akafungua kitambaa chekundu mbele ya kiwanja kizima, akayapanga manyoya yote mchangani, kumi, kumi, kumi, kumi. "Nipeleke nyumbani moja kwa moja."

Tumbusi akakohoa kidogo.

"Siku hizi," akasema, "ni hamsini."

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Bi Mashavu alimtazama Tumbusi, na machozi yalikuwa hapa, karibu kabisa. Kisha akatazama kichwa chake. Akakitazama vizuri, mbele na nyuma.

"Sawa," akasema. "Hamsini. Bado kumi zangu. Na wenzangu hawa nao watataka zao. Kunguru, baba, hebu nihesabie, hapo kichwani yamebaki mangapi?"

Kunguru akarukia begani kwa Tumbusi, akahesabu kwa sauti ya mnada. "Moja! Mawili! Hili ni jani. Matatu! Manne! Matano! Sita! Saba!"

"Saba," akasema Bi Mashavu. "Yakiisha hayo saba, Kapteni, ahadi ni ahadi, tutaanza kuchomoa ya mabawa. Hatuna haraka." Akageuka kwa Nungunungu. "Ndege asiye na manyoya ya mabawa anaitwaje?"

"Kitoweo," akasema Bwana Nungunungu.

"Kitoweo," akasema Mzee Kakakuona usingizini.

"Kitoweo!" akasema Fisi, na huyu alisogea mbele kidogo.

Tumbusi akamtazama Fisi. Akatazama mabawa yake. Akapapasa utosi, na pale utosini hakukuta kishungi. Ndipo akaelewa kwamba hamsini yake haina kitu nyuma yake, hakuna wa kuilipa ila yeye mwenyewe.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, "karibu ukae mbele."

Jamani, Tumbusi aliruka! Hakuna nzi, hakuna kunguru, hakuna harufu. Puru-puru-puru-puru, masikio ya Mzee Kakakuona yakalala nyuma, vyungu vya Nungunungu vikagongana ndani ya mzigo, kwa, kwa, kwa. Yale manyoya saba yaling'olewa na upepo huo huo, moja moja, yakabaki angani. Bi Mashavu amekaa mbele, amefumba macho, anasema, "Raha, Raha, Raha," asije akalisahau.

Majabalini pimbi wote walikuwa juu ya majabali wakiota jua. Katikati, juu ya jiwe la kutolea watoto, alisimama Bi Tabu. Mtoto alikuwa mikononi mwake, kafunikwa kitambaa. Bi Tabu anatazama jua. Jua limebakiza unene wa kidole. Anafungua kitambaa. Anafungua mdomo.

TII!

Tenga liliangukia katikati ya wakwe. Bi Mashavu akabingirika nje, kanga huku, vifuko huku, akasimama mbele ya binti yake, anahema.

"Umekuja, mama," akasema Zawena.

"Nimechelewa."

"Umechelewa sana. Nililia nikikuita."

Bi Mashavu angeweza kusema tenga halikujaa. Angeweza kumsingizia Tumbusi, na kila mtu angekubali. "Korongo alikuwa na nafasi," akasema. "Nilimkataa. Nilikuwa nahesabu manyoya, mwanangu. Nisamehe."

Zawena alimkamata mama yake kiganja, akamsukuma taratibu kwenye lile jiwe, na Bi Tabu, kwa mila, akanyoosha mikono kumkabidhi mtoto. Alikabidhi kwa uzito. Mikono yake haikutaka kuachia.

Mtoto alikuwa mdogo, mweusi, ana mashavu. Alikunja uso kwa mwanga. Bi Mashavu alimpakata, akamwekea shavu lake juu ya shavu.

"Jua hilo," akasema Bi Tabu. "Sema, mwenzangu."

Bi Mashavu akaliona jicho la mwenzake. Halikuwa jicho la ubaya. Siku saba huyu alikuwapo. Ndiye aliyemshika Zawena mgongo, ndiye aliyechemsha maji, ndiye aliyekesha. Akaona haya kuliko alivyoona Magadini.

"Njoo tuseme wote," akamwambia. "Jina ni Raha. Mtamkie sikioni wewe kwanza."

Bi Tabu akarudi nyuma nusu hatua. "Mimi? Mimi tangu nizaliwe nimeitwa Tabu. Alinipa bibi yangu, sijui nilimkosea nini. Majina ya hivyo mdomo wangu hauyajui."

"Ni rahisi. Raha."

Jua likafika utosini. Bi Tabu akainama juu ya mtoto, midomo inamcheza, akasema pole pole, "Raha." Akalamba midomo, kama mtu aliyeonja kitu. Akasema tena, "Raha." Halafu akalisema mara ya tatu, ambayo mila haiitaki kabisa, na mara ya nne, huku machozi yanamdondokea mtoto kwenye paji la uso, na Zawena akaanza kucheka na kulia, mpaka ikabidi wamchukue mtoto wamrudishe kivulini, kwa sababu yule bibi alikuwa hanyamazi.

Tumbusi alichukua chumvi yake akaondoka bila kuaga, na mpaka leo kichwa na shingo yake ni vile mnavyoviona. Korongo ndiye aliyepata abiria wote.

Sasa funzo. Mnataka funzo, nawajua, hamlali bila funzo. Funzo ni hili: mtu akienda kwao aende moja kwa moja. Asipitie huku, asipitie kule, asikusanye manyoya, asitazame nzi njiani. Manyoya hayana faida yoyote. Bi Mashavu yalimfikisha, ndiyo, lakini hilo msilitie maanani, litawachanganya. Nawaambia mimi, mtu mzima, ninayejua safari. Kesho nakwenda kwa dada yangu hapo Tanga, na nitapitia Mwanza na Kigoma, kwa sababu nimebakiza kutua mara mbili tu wanipe kiti cha mbele.

Ngano yangu imetua!

— Na sisi tumo!

Basi shukeni taratibu, na kila mtu atazame asiache kitu chake tengani.